Hiari Iliyoamriwa: Mwenye Matatu Mpya na Uchaguzi wa Sacco katika Kisii na Nyamira

Nchini Kenya mtu anayenunua gari la abiria, yaani matatu, hawezi kuliingiza barabarani peke yake. Kanuni za uendeshaji wa magari ya uchukuzi wa umma za mwaka 2014, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA) ya mwaka 2012, zinamtaka awe ndani ya shirika lililosajiliwa, ama kampuni ama sacco (chama cha ushirika cha akiba na mikopo), na shirika hilo liwe na magari yasiyopungua 30. Kabla ya leseni ya NTSA kuna barua ya sacco. Kabla ya barua kuna kiingilio, kuna hisa, na kuna saini chini ya sheria ndogo za chama, ambazo wengi huzisoma siku gari limekamatwa.

Katika kaunti za Kisii na Nyamira uamuzi huu huwafikia watu wa kila namna: mwalimu aliyekopa kwa dhamana ya mshahara, mkulima wa chai aliyeweka bonasi za miaka kadhaa, mtu aliye Nairobi au ng'ambo anayetaka ndugu yake aliyebaki nyumbani apate kazi. Maswali wanayoanza nayo ni ya hesabu. Njia gani ina abiria? Kiingilio ni kiasi gani? Gari hupata zamu ngapi kwa siku? Ni maswali ya haki, wala hakuna falsafa itakayomlipia mtu mkopo wa benki. Lakini chini yake yapo maswali mawili ya kale. La kwanza: je, mtu anaweza kusemwa amekubali jambo ambalo sheria haikumpa nafasi ya kulikataa? La pili, ambalo ni zito zaidi: akishaingia, anabeba kwa kiasi gani makosa ya wenzake?

Historia ya matatu inalifanya swali la kwanza kuwa la ajabu kidogo. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu magari haya kubeba abiria bila leseni maalumu ya biashara hiyo, na kwa takriban miaka kumi kila mwenye gari alikuwa mfalme wa gari lake. Wenye magari walipojikusanya kwa hiari yao, serikali haikufurahi: chama chao kilichokuwa na nguvu kubwa kilifutwa mwaka 1988, wakati wa utawala wa Rais Moi, baada ya mgomo. Mwaka 2004 kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki zilileta spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama, mstari wa manjano na sare za madereva na makondakta, na bado mwenye gari alijibu mwenyewe mbele ya sheria. Ilipofika mwaka 2010 ndipo serikali ilipotangaza kwamba gari halitapewa leseni nje ya sacco au kampuni. Kwa hiyo dola ile ile iliyokuwa imeona kujiunga kuwa hatari ilikuja kuona kutojiunga kuwa kosa. Mara zote mbili hoja ilikuwa moja, yaani utulivu barabarani.

Katiba iliyopitishwa mwaka huo huo wa 2010 inasema katika kifungu cha 36 kwamba kila mtu ana haki ya kuunda chama na kujiunga nacho, na kwamba hakuna anayeweza kulazimishwa kujiunga na chama cha aina yoyote. Upande wa serikali una jibu la moja kwa moja: hakuna anayelazimishwa kuendesha matatu. Anayetaka leseni hutimiza masharti ya leseni, kama daktari na rubani wanavyotimiza ya kwao. Jibu hili lina nguvu, lakini linaruka jambo moja. Masharti ya daktari yanahusu ujuzi wake yeye. Sharti la sacco linahusu kufungwa pamoja na watu wengine, na kuwapa watu hao mamlaka juu ya mali yake.

Katika fikra za Ulaya mabishano haya yana majina mawili makubwa. John Locke, katika kitabu chake cha pili kuhusu serikali kilichochapishwa mwishoni mwa 1689, alidai kwamba mtu anaweza kukubali utawala bila kutamka neno: anayefaidi ulinzi wa nchi amekwisha kukubali kimyakimya. Mfano mmoja aliouchagua unafaa mno kwa mada hii, kwa kuwa alimtaja mtu anayesafiri tu kwa uhuru katika barabara kuu. David Hume alimjibu mwaka 1748 katika insha yake juu ya mkataba wa asili. Kwa Hume, kusema kwamba maskini asiye na nauli wala lugha ya ugenini amekubali utawala kwa sababu hakuhama ni sawa na kusema kwamba mtu aliyepakiwa melini akiwa usingizini amekubali amri za nahodha kwa sababu hakujirusha baharini.

Mwenye matatu wa Keroka au Ogembo hayuko mahali pa Locke wala pa Hume. Hakuingizwa melini akiwa amelala: alinunua gari akiijua sheria. Lakini pia hakuchagua kwamba kuwe na sacco. Alichobakiziwa ni kuchagua sacco ipi, na hapa ndipo hoja inapostahili kutulia, kwa sababu wengi huiona nafasi hiyo kuwa ndogo kuliko ilivyo. Mtu hawezi kutoa idhini ya kweli kwa jambo aliloamriwa, hilo likubaliwe. Anaweza, hata hivyo, kutoa idhini ya kweli kwa watu. Sheria imemwambia kwamba ni lazima afungwe pamoja na wengine. Haikumwambia ni akina nani. Hiari yake yote imehamia kwenye swali hilo la pili, na anayelijibu kwa kuangalia kiingilio peke yake ameitoa bure hiari ile ndogo aliyoachiwa.

Hata hivyo kuchagua watu si jambo ambalo jamii ya Abagusii, wenyeji wa kaunti hizi, ililifahamu tangu awali kwa namna hii. Ushirikiano wa zamani ulikuwapo na ulikuwa imara. Risaga iliwakusanya majirani kulima shamba la mmoja wao, naye akawaandalia chakula na pombe baada ya kazi. Egesangio lilikuwa kundi dogo zaidi, likizunguka kutoka shamba hadi shamba kwa zamu. Philip Mayer aliichunguza risaga na kuandika juu yake mwaka 1951, na Robert LeVine alieleza makundi ya kazi ya jamii ya Kigusii ya Nyansongo katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1966. Jambo la kuzingatia ni kwamba risaga haikuwa na fomu ya kujiunga. Aliyeishi juu ya kilima kimoja na wenzake alikuwa ndani yake, awe wa ukoo mmoja nao au la. Adhabu ya asiyekwenda kwa wenzake ilikuwa nyepesi kuitoa na chungu kuipata: siku yake ikifika, shamba lake lilibaki bila watu. Uanachama ulitokana na mahali, wajibu ulipimwa kwa mkono uliotokea, na hapakuwa na mtu wa tatu, wa Nairobi, mwenye uwezo wa kuwaadhibu wote kwa ajili ya mmoja.

Sacco inafanana na risaga kwa zamu na kwa ujirani wa njia, lakini asili yake ni nyingine. Mzizi wake unakwenda hadi Rochdale nchini Uingereza, mahali ambapo mwaka 1844 watu 28, baadhi yao wafumaji, walifungua duka lao. Kanuni ya kwanza kati ya saba zilizothibitishwa na muungano wa vyama vya ushirika duniani mwaka 1995 ni kwamba uanachama uwe wa hiari na wazi. Wenyeji wa Kisii waliufahamu ushirika huu kupitia kahawa, kwa kuwa wilaya yao ilikuwa miongoni mwa chache ambamo Waafrika waliruhusiwa kuipanda katika miaka ya 1930, na baadaye kupitia sacco za walimu na wakulima. Mwalimu aliyejiunga na sacco ya walimu angeweza kutojiunga na bado akaingia darasani. Sacco ya matatu imechukua jina, sheria na ofisi ya ushirika, ikaiacha nje kanuni ile ya kwanza. Haishangazi basi kwamba nyingi kati ya hizo zina afya ya njia na maradhi ya ushirika: gari linapata foleni vizuri, mkutano mkuu haujai.

Kanuni ya pili ya Rochdale imebaki, nayo ina uzito kwa mwenye gari moja. Sheria ya vyama vya ushirika ya Kenya humpa kila mwanachama kura moja bila kujali hisa zake. Katika kampuni, mwenye magari kumi huzungumza kwa sauti ya watu kumi. Katika sacco, kwa maandishi angalau, yeye na mwalimu mwenye Nissan moja ya kukopa wako sawa. Aristoteli angeona hapa kiini cha ugomvi. Katika kitabu cha nane cha maadili yake aligawa urafiki katika aina tatu, ule wa manufaa, wa raha na wa wema, akasema kwamba malalamiko huzuka hasa katika ule wa manufaa, kwa sababu kila upande hudhani umepata pungufu ya stahili yake. Mwenye magari kumi huona ameleta zaidi. Mwenye moja huona foleni inapendelea magari ya mwenyekiti. Wote wawili huenda wana haki. Kwa anayechagua, usawa wa kura una thamani mahali ambapo mkutano mkuu hufanyika kweli, hesabu zilizokaguliwa husomwa, na ofisi ya ushirika ya kaunti huzipata. Pasipo na hayo, kampuni yenye mkataba unaoeleweka ni ya heshima zaidi kuliko sacco ya jina.

Jiografia ya eneo hili huongeza ugumu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, juu ya takriban kilomita za mraba 2,200 za vilima. Njia ni fupi, steji zimekaribiana, na mahali pengi nje ya lami basi la kijiji ni Toyota Probox, gari la mizigo midogo lililogeuzwa kubeba watu wengi kuliko lilivyoumbwa. Keroka, mji uliokaa juu ya mpaka wa kaunti mbili, umekuwa na mabishano ya muda mrefu kuhusu serikali ipi ina haki ya kukusanya ushuru wake. Mwanafalsafa anayetafuta mfano wa mtu aliye chini ya mamlaka mbili ambazo hakuzichagua hana haja ya kwenda mbali.

Njia fupi zina maana nyingine: mara nyingi sacco hufuata njia, njia hufuata kilima, na kilima kina watu wake. Mwenye gari wa Kitutu atajikuta na watu wa Kitutu, wa Bobasi na watu wa Bobasi, bila mtu yeyote kupanga hivyo. Wengi huliona hilo kuwa usalama. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza nafsi ya Mwafrika kuwa imo ndani ya wenzake, na maneno yake yametumika tangu hapo kuhalalisha kila aina ya umoja, mzuri na mbaya. Lakini undugu una gharama ambayo matangazo ya umoja hayaitaji. Ni rahisi kumwambia mgeni kwamba tairi zake zimekwisha na gari lake lisipakie leo. Kumwambia hivyo shemeji, au mwana wa mzee aliyesimamia mahari, ni kuanzisha kesi itakayosikilizwa hadi matangani. Ikiwa kazi ya sacco ni kurekebishana, basi ukaribu wa damu unaweza kuwa sababu ya kutojiunga.

Na kurekebishana kumekuwa kazi kubwa kwa sababu ya namna adhabu inavyotolewa. Mwenye gari ambaye dereva wake hajapigwa faini hata siku moja anaweza kuamka na kukuta gari lake haliruhusiwi kubeba abiria, kwa kuwa gari jingine la sacco hiyo, katika njia ambayo lake halijawahi kupita, limesababisha ajali. Mara kadhaa NTSA imezisimamisha sacco nzima kwa njia hii. Hapo ndipo swali la pili, la kubeba makosa ya wengine, huacha kuwa la darasani.

Biblia, ambayo katika nyumba nyingi za Kisii na Nyamira ndicho kitabu cha kwanza cha hoja, inashuhudia pande zote mbili. Katika Yoshua 7, Akani peke yake alificha nyara za Yeriko, lakini Israeli yote ilishindwa mbele ya Ai na watu wapatao 36 wakauawa kabla mwenye kosa hajajulikana. Katika Ezekieli 18 nabii anakanusha jambo kama hilo kwa nguvu: mwana hatabeba uovu wa baba, wala baba wa mwana, na roho itendayo dhambi ndiyo itakayokufa. Wahubiri hupatanisha sura hizi kwa njia mbalimbali. Falsafa ya karne ya 20 ilirudi kwenye ubishi ule ule. H. D. Lewis aliandika mwaka 1948 kwamba hakuna mtu anayeweza kuwajibika kimaadili kwa tendo la mwingine, akauona uwajibikaji wa pamoja kuwa mabaki ya ushenzi. Karl Jaspers, akiwaandikia Wajerumani mwaka 1946 baada ya vita, hakukubali kwamba neno moja litoshe. Alitenganisha hatia ya jinai, ya kisiasa, ya kimaadili na ya kimetafizikia. Hatia ya kisiasa kwake ni ya wote walio raia: wanalipa matokeo ya dola yao, hata kama mioyo yao ni safi. Ya kimaadili kila mtu huipima ndani yake.

Mgawanyo wa Jaspers unafungua mambo katika steji ya Kisii kuliko alivyoweza kuwazia. Sacco ikisimamishwa, mwenye gari safi analipa, lakini halaumiwi. Hasara yake ni sehemu ya bei ya jina lililoandikwa ubavuni mwa gari lake, jina ambalo pia limemletea abiria. Methali ya samaki mmoja anayeozesha wote haimhusu, kwa sababu methali hiyo inaeleza jinsi watu wanavyoshuku, haiwezi kuthibitisha kosa. Ni tofauti kabisa kwa mwanachama aliyejua kwamba spidi gavana ya gari fulani imechezewa, akanyamaza kwa kuwa gari hilo ni la mjumbe wa kamati. Huyo amehama kutoka hasara hadi hatia, na hakuna aliyemhamisha.

Lipo sharti moja ambalo likikosekana hata hasara isiyo na lawama huwa dhuluma. Haiwezekani kumbebesha mtu makosa ya wenzake bila kumpa uwezo wa kuwazuia. Dola iliposema sacco ijibu kwa ajili ya magari yake, ilichukulia kwamba sacco inaweza kulitoa gari kwenye foleni, kumwachisha dereva kazi, kulinyima barua. Kanuni za 2014 zinataka dereva na kondakta wawe na mikataba ya kazi. Mahali ambapo bado wanaishi kwa salio linalobaki baada ya hesabu ya siku, yaani kiasi kilichopangwa mapema, kumfikia mwenye gari, kasi ya dereva inaamriwa na hesabu hiyo kabla kamati haijakaa. Basi mtu anayezunguka ofisi za sacco kabla ya kujiunga ana swali lenye faida kuliko yote ya kiingilio na hisa: mara ya mwisho gari la mjumbe wa kamati kusimamishwa na kamati yenyewe ilikuwa lini, na kwa kosa gani? Jibu likija haraka na jina la kosa, sacco hiyo ina uwezo unaoendana na mzigo wake. Likija kwa kicheko, mwombaji ameshajibiwa.

Swali la nani anabeba nini hufika kilele chake siku ya Jumamosi. Waadventista Wasabato ni wengi sana katika kaunti hizi mbili, na kwao Sabato huanza jua linapotua Ijumaa na kuisha jua linapotua Jumamosi. Ijumaa jioni ni saa ambayo wasafiri wa Nairobi wanashuka Kisii mjini wakitafuta gari la kuwafikisha Nyamira, Marani au Nyamarambe. Kwa biashara, ni saa nono. Kwa mwenye gari Msabato, ni saa ya kuzima injini, na hilo linaathiri foleni ambayo wenzake wameahidi kuijaza.

Baadhi huona njia ya kutokea katika ukweli kwamba dereva si Msabato: mwenye gari yuko kanisani, na anayefanya kazi ni mtu mwingine kwa imani yake mwenyewe. Amri ya nne haiachi nafasi hiyo. Kutoka 20 huwataja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, mnyama, na hata mgeni aliye ndani ya malango. Ni kana kwamba mtoa sheria aliijua mapema hoja ya dereva asiye Msabato. Sababu inayotolewa na Kumbukumbu la Torati 5 inakaza zaidi. Pale ambapo Kutoka hurejelea uumbaji, sura hii hurejelea utumwa wa Misri: mtumwa apumzike kama bwana, kwa kuwa bwana naye alikuwa mtumwa. Kwa usomaji huo Sabato ya mwenye gari ni haki ya dereva kabla ya kuwa ibada ya tajiri wake, na dereva anayeamka saa kumi usiku siku sita ndiye mwenye dai la kwanza juu ya siku ya saba. Upande wa pili hukumbusha kwamba Yesu, katika Luka 14, aliruhusu ng'ombe aliyetumbukia kisimani avutwe siku ya Sabato. Mama mwenye uchungu wa kujifungua aliye Ikonge usiku wa Ijumaa ni jambo la aina hiyo. Nauli ya wasafiri 14 wa kawaida si jambo la aina hiyo, hata likiitwa huduma.

Wapo wanaopendekeza gari lifanye kazi na mapato ya siku hiyo yapelekwe sadaka, au yaachiwe dereva na kondakta. Pendekezo hilo ni la ukarimu lakini halijibu swali, kwa sababu amri haikukataza faida, ilikataza kazi. Kinachobaki ni kuliegesha gari, na hapo sheria ndogo za sacco huanza kusemwa kwa sauti. Kuna zinazotoza kila siku bila kujali gari limetoka au la. Nyingine huliadhibu gari lililokosa zamu. Katiba, kifungu cha 32, inamlinda mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha imani yake, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba shule zinapaswa kuwapa wanafunzi Waadventista nafasi ya kuitunza Sabato yao. Kuuchukua uamuzi wa darasani na kuuweka kwenye steji kunahitaji hoja zaidi, kwa maana mwanafunzi hana wenzake wanaomtegemea azibe pengo lake. Lakini roho ya uamuzi huo inaonyesha kwamba anayejiunga anaweza kuomba nafasi yake iandikwe kabla ya saini, wala hapaswi kuomba radhi kwa kuomba.

Hata gari likiegeshwa, fundo moja halifunguki. Ada za magari yaliyofanya kazi Jumamosi huingia mfuko wa pamoja, na mwisho wa mwaka mgao humfikia kila mwenye hisa. Je, Msabato amekula jasho la Sabato? Hapa chombo kizuri kinatoka kwa jirani. Wanatheolojia wa Kikatoliki, wakimfuata Alphonsus Liguori wa Napoli, wa karne ya 18, hutofautisha kushiriki tendo la mwingine kwa kuunga nia yake na kushiriki kwa tendo la pembeni tu, bila kuitaka nia hiyo. Ushiriki wa kwanza ni kosa lile lile. Wa pili hupimwa kwa umbali wake, ulazima wake na uzito wa sababu yake. Mgao uliochanganyika na pesa za siku sita nyingine, katika chama ambacho sheria imemtaka mtu awemo, uko mbali sana na tendo. Mwanachama anayepiga kura katika mkutano mkuu kuongeza zamu za Jumamosi ili mgao uvimbe hayuko mbali hata kidogo. Msabato wa Kisii akipima dhamiri yake kwa kipimo cha Mkatoliki wa Napoli hakuna aliyepungukiwa.

Yote haya yanategemea kuwapo kwa mlango wa kutokea, na jambo hili lina hila yake. Albert Hirschman, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya kuondoka, kusema na uaminifu, alianza na fumbo aliloliona Nijeria: reli ilishindana na malori na bado haikujirekebisha. Alieleza kwamba wateja waliojali ubora ndio waliokuwa wa kwanza kuhamia malori, na walipoondoka, sauti ambazo zingeisumbua reli ziliondoka nao. Ndivyo inavyotokea sacco ikianza kuoza. Anayehama kwanza ni mwenye gari anayesoma hesabu na kuuliza kuhusu tairi, kwa kuwa ndiye anayepokelewa kwingine kwa furaha. Wanaobaki ni wale wasiouliza, na mzigo wao wa pamoja unazidi kuwa mzito. Kuhama ni haki yake, na pengine ni wajibu wake kwa abiria wake. Lakini kabla ya kuhama ana deni la kusema, katika mkutano, kwa jina la kosa, kwa sababu akishatoka hatasikika tena.

Kutoka kwenyewe kuna utaratibu wake. Mwanachama hutoa notisi ya maandishi, gari hupakwa rangi upya na kufutwa jina ubavuni, na haliwezi kurudi kazini mpaka sacco nyingine iandike barua. Kwa kawaida akiba hurudishwa baada ya muda wa notisi, na hisa hazirudishwi bali huhamishiwa mwanachama mwingine. Dhamana ndiyo inayokawia kuliko vyote. Kitabu cha Mithali kinaonya zaidi ya mara moja juu ya kumdhamini mwenzako, na sacco hukopesha kwa kudhaminiana. Aliyemwekea sahihi mwenzake hapati akiba yake yote mpaka mwenzake huyo amalize mkopo au apatikane mdhamini mwingine wa kukaa mahali pake, hata kama gari lake limekwisha kubadilisha jina, njia na kaunti.